Tulikwenda Kilima Mbogo, tukaukuta uchafu wetu

WAHENGA walinena kwamba mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii tuliikariri sote shuleni, lakini wengi wetu tunaoishi mijini hatuitii. Likizo inapofika, watoto hukaa mbele ya televisheni na simu tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku. Nasi wazazi hujitetea kwamba mbuga za wanyama ni za watalii wenye dola, au kwamba safari ni ya wenye magari makubwa. Mimi mwenyewe nimekuwa msemaji hodari wa hoja hizo kwa miaka mingi.

Agosti iliyopita nilinyang'anywa hoja zangu na binti yangu, aliye shule ya upili. Alikuwa amepewa kazi ya likizo kuhusu mto wowote wa Kenya: unakoanzia, unakopitia na unakoishia. Aliuchagua Athi. Alipoona nimeanza kumtafutia kitabu, aliniuliza, "Baba, kwa nini nisome habari za mto ulio karibu hivi badala ya kwenda kuuona?" Mama yake aliitikia kutoka jikoni, na kitinda mimba wetu mwenye umri wa miaka tisa akawa tayari anatafuta viatu. Msomaji mpendwa, hapo ningesema nini?

Tulikata shauri kwenda kulala usiku mmoja katika mbuga ya taifa ya Ol Donyo Sabuk, kisha kesho yake tuyaone Maporomoko Kumi na Manne. Sehemu hizo mbili zimekaribiana sana. Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita 65 hivi. Unashika barabara kuu hadi Thika, kisha barabara ya Garissa mpaka soko la Kilimambogo, hapo unakata kulia. Unavuka daraja la mto Athi, unafika mji mdogo ambao wenyeji wanauita Donyo, na kutoka hapo lango la mbuga si mbali. Asiye na gari asikate tamaa. Matatu zinatoka Thika hadi Donyo, na pikipiki za kukufikisha langoni hazikosekani.

Mlima wenyewe unauona mapema, umejiinamia peke yake katika nchi tambarare kama mzee aliyeketi uani. Kimo chake ni mita 2,145. Wamaasai ndio walioupa jina la Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Kwa Kiswahili tunauita Kilima Mbogo, kwa ajili ya nyati wanaoishi msituni humo hadi leo. Wakamba huuita Kyanzavi, nao Wakikuyu Kianjahi. Majina hayo mawili ni ndugu, kwa kuwa nzavi za Wakamba ndizo njahi za Wakikuyu. Katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, Mzee Jomo Kenyatta aliutaja kuwa mmoja wa milima mitakatifu ya Wakikuyu, mlima wa mvua kubwa. Kwa hivyo, kabla ya kuwa mahali pa matembezi, mlima huu ulikuwa mahali pa sala.

Pale langoni tulipata somo la kwanza. Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, siku hizi hufanywa kwa njia ya mtandao wala si kwa pesa taslimu. Inafaa mtu aangalie viwango na alipe kabla ya kuondoka nyumbani. Hilo tulikuwa tumelifanya. Tulichosahau ni jambo jingine. Askari wa kike aliyekagua gari letu aliona katoni ya maji ya chupa tuliyonunua Thika, akatikisa kichwa.

"Mzee, hizi chupa haziingii," alisema kwa upole. "Vikombe na sahani hizi za kutupwa pia hapana."

Nilitaka kubishana. Lakini sheria ni sheria. Tangu tarehe 5 Juni 2020, vitu vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa vimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zote zinazohifadhiwa nchini. Ilibidi maji yote tuyamimine katika mtungi wetu wa nyumbani, na chupa tupu tuziache pale langoni. Mwanangu mdogo alifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa, huku akiniuliza swali ambalo sikulijibu: "Baba, kama ni mbaya huku, mbona nyumbani si mbaya?"

Kambi ya umma iko karibu na lango, chini ya miti. Kusimika hema kulituchukua saa nzima, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu. Jioni, mama watoto aliwasha jiko la gesi, akatupikia wali na maharagwe, na chai ya tangawizi ikafuata. Giza lilipoingia, baridi ilishuka kutoka mlimani kwa nguvu. Tukajifunika mablanketi na kukaa kimya. Tulikuwa hatujakaa kimya pamoja, sisi wanne, kwa muda ambao siukumbuki. Simu zilikuwa zimezimwa ili zisiishiwe na moto, na hakuna aliyelalamika.

Asubuhi tulipanda mlima. Kutoka langoni hadi kileleni ni kilomita 9 za barabara ya udongo, inayopita msituni. Mwenye gari la kawaida asijaribu wakati wa mvua. Mwenye miguu lazima afuatane na askari mwenye bunduki, kwa sababu nyati si ng'ombe wa jirani. Tuliona kima, tukaona pongo aliyetukodolea macho kisha akatoweka, na kinyesi cha nyati kilichokuwa bado kinatoa mvuke. Nyati mwenyewe hatukumwona, nami sikusikitika.

Katika mwendo wa kilomita 7 hivi kuna makaburi. Hapo amelala Sir William Northrup McMillan, mtu aliyezaliwa mwaka 1872 katika mji wa St. Louis, Marekani, akaja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 na kujimilikisha ardhi kubwa katika nchi hii ya Juja na Donyo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, alikuwa mgeni wake Juja mwaka 1909 alipokuja kuwinda. McMillan alifariki mwaka 1925 huko Nice, Ufaransa, na mwili wake ukaletwa hapa kwa kuwa aliupenda mlima huu. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini alikuwa mtu wa uzito mkubwa na mlima ni mkali, gari lililombeba likashindwa njiani, ikabidi kaburi lichimbwe hapo lilipokomea. Kando yake wamelala mkewe, Lady Lucie, na mtumishi wao, Louise Decker. Hata mbwa wao ana kaburi.

"McMillan ni yule wa maktaba?" binti yangu aliuliza.

Ni yeye. Wanafunzi wengi wa Nairobi wamewahi kupita kati ya zile sanamu mbili za simba mlangoni mwa Maktaba ya McMillan, katika barabara ya Banda. Mjane wake aliijenga kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka 1931. Miaka hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mnamo 1962 ilikabidhiwa baraza la jiji la Nairobi, ikawa mali ya umma. Mlima nao ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1967, na leo mtoto wa Kayole au Githurai anaweza kukaa kando ya kaburi la bwana mkubwa, akamenya yai lake la kuchemsha. Askari wetu, aliyesikiliza hayo yote, aliongeza neno moja tu. "Vitu vya watu wachache vilirudi kwa wengi," alisema. "Sasa kazi ni kuvitunza."

Kileleni kuna milingoti ya mawasiliano na upepo mwingi. Siku ikiwa wazi, mtu huweza kuona Mlima Kenya upande mmoja na hata Kilimanjaro upande mwingine. Sisi tulipata mawingu, kama ilivyo kawaida ya Agosti. Lakini mto tuliuona. Chini kule, ulijinyoosha kwa rangi ya kahawia kati ya mashamba, ukizunguka mguu wa mlima. Binti yangu alitoa daftari lake, akachora.

Mchana tulivunja kambi, tukaokota hadi maganda ya machungwa, tukashuka mpaka Maporomoko Kumi na Manne. Hapa mto Athi unafika kwenye ukingo mpana wa mawe na kujigawa katika mikondo mingi, kila mmoja ukianguka kivyake. Mvua inaponyesha sana, mikondo yote huungana ikawa pazia moja la maji. Wakati wa kiangazi ndipo unapoweza kuihesabu. Kitinda mimba wetu alihesabu kumi na moja, kisha kumi na tano, halafu akasema walioupa mto jina hilo walikisia tu. Kelele ya maji ni kubwa hata mtu hulazimika kusema kwa ishara. Pana vijana wa mashua wanaokuvusha na kukuzungusha, na huko chini wako viboko. Ni mahali pazuri, na picha za pale husambaa kila Jumapili.

Lakini picha haina pua. Tulipokaribia maji, harufu ilitupokea. Povu jeupe lilikuwa limejikusanya katika kila kona ya mawe, na kati ya povu hilo kulikuwa na chupa za plastiki, ndara moja ya mguu wa kushoto, nepi za watoto, vifuniko vya soda na mifuko iliyochanika. Matawi ya vichaka vya kando, mpaka mahali maji yalipofika wakati wa mafuriko, yalikuwa yamevaa matambara ya plastiki.

Mimi, kwa hasira ya mtu aliyelipa kiingilio, nilimgeukia kijana wa mashua. "Kijana wangu," nilimwambia, "mbona mnaacha mahali pazuri hivi pachafuke? Nyinyi wenyewe ndio mnaokula hapa."

Hakukasirika. Nadhani alishaulizwa swali hilo mara nyingi. "Mzee," alinijibu, "sisi tunaokota kila asubuhi. Usiku unaleta mengine. Haya yanatoka kwenu, Nairobi."

Familia yangu yote ilinitazama. Binti yangu alifunua daftari lake, akanionyesha kwa kidole, bila kusema neno.

Msomaji, mto huo ndio huu. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, ukiwa maji safi. Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, maji baridi, na kutoka jina hilo jiji letu likapata lake. Unapita Chiromo, unapita chini ya madaraja ya katikati ya jiji, unapita Gikomba na Dandora. Njiani mto Mathare na mto Ngong huja kuungana nao, na kila mmoja huleta mzigo wa mitaa uliyopitia. Maji ya choo cha mtaa usio na mabomba ya maji taka yamo, mafuta ya gereji yamo, taka za viwanda zimo. Kisha wote kwa pamoja hujimwaga katika Athi, juu ya maporomoko. Hakuna uchafu unaopotea. Unahama tu.

Na safari haiishii hapo. Athi huendelea kushuka Ukambani, ambako watu wengi humwagilia mboga na kunywesha mifugo kwa maji hayohayo. Ukikutana na mto Tsavo, hubadilika jina na kuwa Galana, kisha Sabaki, na mwishowe huingia katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Sukuma wiki zinazomwagiliwa kwa maji ya mto huo huenda zikarudi sokoni kwetu. Tunalotupa tunaweza kulinunua tena kwa pesa zetu.

Tulirudi nyumbani jioni ile bila makelele mengi garini. Mimi nilikuwa na jambo moyoni, na leo nitalisema, kwa kuwa gazeti la familia si mahali pa kujifanya malaika.

Katika mtaa wetu, nyumba kadhaa zilijiunga kumlipa mtu wa kuzoa taka. Alikuja kwa bei nafuu kuliko wote. Siku moja, miaka miwili iliyopita, nilimwona kwa macho yangu akisukuma mkokoteni wake kuelekea kwenye kijito kilicho nyuma ya mtaa, na akarudi mkokoteni ukiwa mtupu. Nilijua. Nikajiambia kwamba si kazi yangu kumfuata mtu, na kwamba bei ilikuwa nzuri. Kwa hivyo ile nepi niliyoiona kwenye maporomoko huenda haikuwa ya jirani wa mbali. Huenda ilitoka nyumba ya pili kutoka kwangu. Cha wote hakina mwenyewe, ndivyo tunavyosema, kisha tunakitupia chetu.

Jumamosi iliyofuata, binti yangu aliniomba twende pamoja nyuma ya mtaa akamalizie kazi yake. Tulikuta yale niliyoyajua. Aliandika, nami nikasimama kando yake kama mshtakiwa. Jioni hiyo niliita mkutano wa wenye nyumba. Haukuwa mkutano mtamu. Wako waliosema kwamba mto ni wa serikali, na wako waliosema kwamba hata tukiacha sisi, wengine elfu hawataacha. Mwishowe tulikubaliana kulipa zaidi kidogo, na kumtaka mzoa taka atuonyeshe mahali anapopeleka. Yule kijana wa mkokoteni hatukumfukuza, kwa sababu kosa halikuwa lake peke yake. Tulimlipa malipo duni, tukageuza macho. Sasa hupeleka taka mahali palipokubaliwa, na kila mwezi nyumba moja huenda naye kuhakikisha. Zamu yangu imekwisha kupita mara moja. Si kazi ya kujivunia, na viatu vyangu viliharibika.

Sisemi kwamba mto umesafika. Juhudi kubwa zaidi ya mtaa mmoja zimewahi kufanywa. Mwaka 2008, marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, alianzisha operesheni ya kusafisha mto Nairobi, na sehemu fulani katikati ya jiji ikapendeza watu wakashangaa. Bustani iliyopewa jina lake iko kando ya mto huo hadi leo. Alipofariki mwaka 2012, mto ulirudia hali yake polepole. Hapo pana funzo. Mto unaosafishwa na mtu mmoja huchafuka mtu huyo anapoondoka. Mto unaotunzwa na kila nyumba hauna siku ya kubaki yatima.

Basi, familia inayofikiria likizo ijayo, nendeni Kilima Mbogo. Gharama yake ni ndogo kuliko mnavyodhani, na faida yake ni kubwa kuliko picha. Mkienda, yakumbukeni haya machache. Chukueni hema na sweta nzito, hata kama Nairobi kuna jua. Chukueni tochi, na maji ya kutosha katika mtungi unaotumika tena na tena. Chakula kifungieni ndani ya gari usiku, kwa kuwa nyani na kima hawabishi hodi. Msitembee mlimani bila askari. Moto, mkiruhusiwa kuuwasha, uzimeni kwa maji hadi jivu lipoe. Na pale kwenye maporomoko, msiogelee, wala msisimame ukingoni kwa ajili ya picha. Mawe yanateleza, na watu wamewahi kupoteza maisha pale.

Wanafunzi nao, mnaojiunga watu watano au sita kwa matatu, msidhani mambo haya ni ya wenye magari. Bebeni daftari pamoja na simu. Kabla ya kuondoka, nendeni kwanza nyuma ya mtaa wenu mkatafute kijito kilicho karibu, muulize kinakwenda wapi. Kisha mkifika kwenye maporomoko, hamtamuuliza kijana wa mashua swali nililomuuliza mimi.

Kazi ya binti yangu ilirudi na alama nzuri, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Nani alikueleza hayo ya mkokoteni?" Aliniletea daftari nitie sahihi. Nilitia.